Firmin na Viti vya Chui

Kuna watu wamezaliwa na pua ya kunusa hela, na wengine pua ya kunusa wachawi. Firmin Kalenga wa Troyeville, Johannesburg, alizaliwa na pua ya kunusa ubaya: ubaya wa rangi, ubaya wa mshono, ubaya wa suruali iliyolala juu ya kiatu kama mlevi kwenye ngazi. Akiuona hukunja uso mzima, huvuta hewa kwa meno, kisha husema neno moja tu, "Uchafu," kwa sauti ya hakimu anayefunga kesi. Mapazia ya kanisa la jirani: uchafu. Tai ya mchungaji wa kanisa hilo: uchafu, tena mbele za Mungu. Jezi za timu ya taifa lake mwenyewe: hapo ilibidi kwanza akae ndipo aseme.

Firmin alikuwa msapeur. Kwa Wakongo, Sape ni dini ya mavazi, nayo kama dini nyingine yoyote ina maaskofu wake, wazushi wake, na waumini wanaolala na njaa ili kiatu kishibe. Huko Lubumbashi alikokulia, mjomba wake alimfundisha amri mbili za dini hiyo kabla hajafundishwa zile kumi. Ya kwanza: mwili wa binadamu hauvai zaidi ya rangi tatu kwa mara moja. "Rangi ya nne ni fujo," Firmin alipenda kueleza, hata kwa watu ambao hawakuuliza. "Ya tano ni ajali. Ya sita, muite polisi." Amri ya pili: nguo isiyo na jina la aliyeishona ni yatima. Msapeur akikufunulia koti hakuonyeshi kifua. Anakuonyesha kile kitambaa kidogo cha ndani chenye jina la fundi, naye hulitamka taratibu, kama padri anayesoma majina ya watakatifu.

Sasa tazama mzaha wa Mungu. Mtu wa namna hiyo alimpa riziki ya kushona viti vya taksi.

Alikuwa fundi wa viti vya magari, katika banda la mabati nyuma ya nyumba moja kuukuu ya Troyeville, pamoja na mwenzake Bakiri, mtu wa Tanga. Taksi za Johannesburg zilikuja zikiwa na viti vilivyotoboka na sponji likining'inia, zikaondoka zimefunikwa ngozi bandia nyeusi, na wiki haipiti abiria wameshaichimba tena kwa funguo. Hakuna abiria aliyewahi kushuka akauliza, "Jamani, viti hivi kashona nani?" Hilo ndilo lililokuwa likimkera Firmin kuliko vumbi na kuliko gundi. Alikwenda Fordsburg akatengenezewa vitambaa vidogo vya hariri, vimefumwa kwa herufi za mkono: *Firmin Kalenga*. Akaviweka katika kopo la biskuti, akawa anasubiri gari linalostahili. Siku jina lake litakapoingia ndani ya gari la maana, mbele ya watu wenye magari ya maana, basi, kwaheri taksi. Alisubiri mpaka kopo likaanza kushika kutu.

Bakiri alikuwa na falsafa nyingine. "Bwana Firmin," alikuwa akimwambia huku mdomo umejaa pini, "mteja akitaka kiti chenye pembe, mshonee pembe. Atakayechomwa matakoni ni yeye."

"Ndiyo maana weye unavaa jezi kila siku."

"Na ndiyo maana mimi nakula kila siku."

Basi mwaka 2017, majira ya baridi yakielekea kwisha, geti lilisukumwa na gari la kukokotea magari mabovu, limevuta Mustang ya mwaka 1969. Aliyeshuka ni Bra Stix, yaani Kaka Stix. Bra Stix alizaliwa Alexandra, mtaa wa maskini, akatajirika kwa ajali za wenzake, maana kila magari mawili yakigongana upande ule, ya kwanza kufika ni magari yake ya kukokota, kabla ya polisi na wakati mwingine kabla ya vumbi kutulia. Kisha akahamia Sandton kwa matajiri, ng'ambo tu ya barabara, safari ya dakika chache kwa gari na ya maisha mawili kwa miguu.

Firmin alipoiona Mustang ile kwa mbali, moyo ulimruka. Umbo lile! Mgongo ulioteremka kama bega la koti lililokatwa na fundi aliyekunywa chai tu. Akasogea karibu, na moyo ukarudi mahali pake, ukaketi, ukafunga mlango. Gari lilikuwa limepulizwa rangi ya kijani, ile ya parachichi lililosahauliwa. Ubavuni ndimi za moto za rangi ya chungwa. Kwenye boneti amechorwa tai, tai amembeba simba, na simba amevaa miwani ya jua.

"Sharp, madoda," alisalimu Bra Stix. "Hii naipeleka maonyesho Nasrec. Yale makubwa ya magari, wanakuja watu wa vipuri, watu wa televisheni, kila mtu. Nje nimemaliza. Sasa ndani. Sikilizeni. Viti, chui. Si chui wa kuchora, chui wa manyoya. Ubavuni mwa viti, ngozi ya mamba, nyekundu. Milangoni pundamilia. Juu darini velveti ya zambarau na taa ndogondogo kama nyota. Na mishono yote, uzi wa dhahabu."

Ilikuwa kana kwamba mbuga nzima ya Kruger imechunwa, na wao wameitwa kwenye maziko.

"Mzee," Firmin akasema kwa upole wa daktari, "tungechagua mnyama mmoja?"

"Bra, mimi sikuuliza bei ya mnyama mmoja."

Bakiri akaingilia kati upesi. "Itakuwa tayari, bosi. Hata ukitaka kiboko, tutamtafuta."

Jioni hiyo Firmin alimwendea mkewe Victorine katika saluni yake, mtaa wa pili, akalalamika tangu mlangoni. Victorine alikuwa akimsuka msichana mmoja rasta za buluu, na hakuinua kichwa.

"Papa Glody," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "miye tangu asubui nasuka buluu, napaka pinki, nafunga kijani. Umeisha kunisikia nalia? Mutu anakuja na kichwa chake, anaenda na kichwa chake."

"Victorine, ni chui na mamba na pundamilia! Ndani ya Mustang! Ni kama kumvalisha askofu chupi ya mtoto."

"Na hiyo Mustang inaenda wapi?"

"Nasrec. Kwenye maonyesho."

"Mbele ya watu gani?"

Firmin akajifanya anapanga vitana. Victorine akavuta rasta moja mpaka msichana akasema eish.

"Unasikia? Weye mwenyewe njo ulisema unataka jina lako lionekane. Mungu amekuletea mulango, unalalamika rangi ya mulango. Kashone."

Akaenda kushona. Ubaya wa mikono ya Firmin, kama tunaweza kuuita ubaya, ni kwamba haikujua kuharibu. Macho yalikuwa yakitapika, mikono ikiendelea na kazi. Yale manyoya ya chui aliyakata yakafuata mkondo wa mgongo wa mtu, madoa ya kushoto yakapatana na ya kulia kana kwamba mnyama alizaliwa akiwa kiti. Pembe za kiti, mahali ambapo mafundi wengi hukunja na kufunika dhambi zao kwa gundi, yeye alizigeuzia ndani kwa mkono, sindano iliyopinda, mshono usioonekana. Sponji alilichonga upya tabaka kwa tabaka. Kila asubuhi alifika bandani, akaiangalia kazi, akasema, "Uchafu," na kukaa chini kuiendeleza.

Siku ya mwisho alilifungua kopo la biskuti, akatoa kitambaa kimoja chenye jina lake, akakiweka juu ya chui. Akakitazama. Akakirudisha.

"Hukibandiki?" Bakiri akashangaa. "Si ndiyo siku yenyewe hii?"

"Kuna baba gani anaandika jina lake juu ya mtoto wa namna hii?"

"Wapo wengi, kaka. Na wengine wala mtoto si wao."

Firmin hakucheka. Alifunga kopo, na Mustang ikaondoka yatima.

Lakini kukaa nyumbani siku ya maonyesho hakuweza. Alijiambia anakwenda kutazama tu. Alivaa suti ya rangi ya mchanga, shati jeupe, viatu vya kahawia, na soksi za kahawia ileile, asije akaongeza rangi kwa bahati mbaya. Bakiri alikuja na jezi.

Ndani ya ukumbi wa Nasrec kulikuwa na kelele za injini, harufu ya dawa ya kung'arishia matairi na harufu ya soseji, vyote vikigombea pua moja. Magari yalikuwa yamepangwa na boneti zimeachama, kama wagonjwa kwa daktari wa meno, na mbele ya kila moja kundi la wanaume wazima wameinama, mikono mgongoni, wakisema "mmh". Firmin alitembea katikati yao kama mchungaji aliyepotea akaingia danguro, na pia kama mchungaji huyohuyo, hakupita chumba bila kuchungulia.

Kulikuwa na Camaro yenye bwawa la samaki ndani ya buti. Samaki walikuwa na nyuso za watu walioshushwa kituo kisicho chao. Kulikuwa na Charger iliyojazwa spika kuanzia kioo cha mbele hadi cha nyuma, dereva mwenyewe hana pa kukaa. Ilikuwa imeletwa kwa kukokotwa, na muziki wake ulikuwa unalipangua ini la mtu. Kulikuwa na Chevrolet iliyotengenezwa zamani ili ikimbie, sasa imeshushwa chini kiasi kwamba isingevuka ganda la ndizi. Mwenye nayo alikuwa amepiga magoti, anapiga mswaki tairi. Kwa mswaki kweli, wa meno. Na kila mahali wasichana waliovalishwa nembo za kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, wamesimama kwa baridi wakitabasamu, wao peke yao wakionekana kujua kwamba huu ni upuuzi.

"Uchafu," alisema Firmin mbele ya Camaro. "Uchafu," mbele ya Charger. Mbele ya Chevrolet alikosa hata nguvu ya kusema.

Halafu, pembeni kabisa, karibu na vyoo, akaikuta Capri. Ford Capri ya mwanzo wa miaka ya sabini, ile waliyoipandikiza injini kubwa hapahapa nchini, nyeusi, safi, haijaongezwa kitu. Haikuwa na tai wala simba wala samaki. Ilikuwa gari tu, imekaa kwa heshima yake. Firmin alisimama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kijijini kwao. Akachungulia ndani: viti vya mbele vilikuwa vimepasuka, vya nyuma panya walikuwa wameoana na kuzaa. Kando yake mzee mmoja mwenye kofia ya sala alikaa kwenye kiti cha kukunja, na chupa ya chai mapajani.

"Unaitazama kama unaijua," mzee akasema.

"Viti vyake vinalia, mzee."

"Vinalia muda mrefu. Mimi ni Cassim, wa Fordsburg. Mafundi wote walionijia wanataka kuniwekea rangi nyekundu. Natafuta mkono, bado sijauona."

Firmin akafungua kinywa aseme, na hapohapo kipaza sauti kikaunguruma upande wa pili wa ukumbi. Zawadi ya gari lenye ndani bora kuliko yote: Mustang ya Bra Stix! Watu wakapiga mayowe. Firmin akajikuta anakwenda, miguu ikienda yenyewe kama ya mzazi aliyesikia mtoto wake kaanguka.

Mshereheshaji, kijana mwenye meno mengi, alikuwa amesimama mlangoni mwa gari. Picha ya viti vya chui ilikuwa juu kwenye skrini, kubwa kama nyumba.

"Nani fundi wa haya mambo?" aliuliza.

"Vijana wangu wa Troyeville!" Bra Stix akapiga kelele, kisha akaiona suti ya rangi ya mchanga. "Yule pale! Ni mmoja wao! Njoo, bra!"

Kipaza sauti kikafika mdomoni mwa Firmin. "Ndugu, ni wewe uliyeshona?"

Firmin akaangalia skrini. Chui, mamba, pundamilia, zambarau, dhahabu. Akamwona mjomba wake wa Lubumbashi akimtazama kutoka kaburini, amevaa rangi mbili.

"Hapana," akasema. "Si miye. Ameshona mwenzangu. Bakiri. Mtanzania."

Bakiri alikuwa nyuma na soseji ya halali aliyoitafuta ukumbi mzima. Walimsukuma mbele nayo mkononi. Alimtazama Firmin, Firmin akatazama viatu vyake, basi Bakiri akaupokea utukufu jinsi alivyo, pamoja na haradali mdomoni. "Alhamdulillahi," aliwaambia watu wa Nasrec, "mimi napenda wanyama."

Baadaye, watu walipotawanyika kidogo, alimvuta Firmin pembeni, macho yamelowa. "Kaka, hii zawadi sitaisahau. Umenipa jina. Watu wameshaomba namba yangu. Hata mzee yule mwenye Capri nyeusi kanifuata."

"Mzee gani?" Firmin akahisi suti inambana.

"Cassim, wa Fordsburg. Aliingia kwenye Mustang na tochi, akainama huko chini nikadhani kadondosha pete. Akatoka akasema, 'Rangi zako ni kichefuchefu, lakini pembe hizi sijaona mkono kama huu. Utanishonea Capri.' Nikasema ndiyo." Akashusha sauti. "Sasa, kaka, ile pembe mimi siijui. Utanionyesha, au utashona tu wewe, eh? Kimyakimya."

Kumbe mtu pekee mwenye macho katika ukumbi ule alikuwa ameuona mkono wake chini ya uchafu wote ule. Na mkono huo sasa uliitwa Bakiri. Kimyakimya maana yake ni kwamba siku Capri ile itakapong'aa mbele ya watu, kitambaa cha hariri kitabaki ndani ya kopo.

"Twende kwa mzee," alisema Firmin.

Mzee Cassim aliwatazama wote wawili wakija, akamimina chai. Firmin akasema bila salamu, "Mzee, vile viti vya chui nimevishona miye."

Mzee akampima toka kiatu hadi kola. "Wewe? Mtu aliyevaa hivi ndiye aliyefanya vile? Kijana, hata uongo una kipimo."

Hivyo umaridadi wake wenyewe ukasimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi yake. Firmin akamgeukia Bakiri. Bakiri akalamba haradali ya mwisho ya utukufu wake.

"Ni yeye, mzee," alisema. "Wallahi ni yeye. Mimi nashona taksi."

"Basi kwa nini alisema ni wewe? Mbele ya watu wote wale?"

"Niliona haya," Firmin akasema.

"Haya ya mshono?"

"Haya ya rangi."

Mzee Cassim akanywa chai yake taratibu, mpaka Firmin akatamani amtukane tu yaishe. "Sasa nikikupa Capri yangu," mzee akasema, "halafu marafiki zangu wakaja wakaicheka, kwamba nyeusi tupu, ya kizamani, kama gari la maiti. Utasema kashona nani? Mrundi?"

Bakiri akacheka hadi akajishika ubavu.

"Mimi siajiri mtu anayekana kazi yake," mzee akaendelea. "Ulikana kwenye kipaza sauti, nenda kakubali kwenye kipaza sauti. Ukirudi, tutaongea ngozi."

Mwendo kutoka vyooni hadi Mustang si mrefu, lakini Firmin aliutembea kama mtu anayepelekwa kupigwa picha uchi. Mshereheshaji alimwona akafurahi, maana kila mshereheshaji hupenda mtu anayerudi.

"Wewe tena?"

"Nilidanganya," Firmin akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika za ukumbi mzima, kubwa kuliko alivyoitaka. "Bakiri hakushona. Nilishona miye. Jina langu Firmin Kalenga."

"Mbona ulikana?"

"Kwa sababu ni mbaya."

Hata Charger ile ya spika ilikuwa kama imeshusha pumzi. Watu wakamgeukia Bra Stix waone atampiga wapi kwanza. Bra Stix akavua miwani, akalifikiria lile neno kwa uzito wake, kisha akachukua kipaza sauti.

"Bra Firmin, mimi kazi yangu ni ajali. Kila siku naona watu wakifika penye gari lililopondeka wanapunguza mwendo, wanatoa shingo dirishani, wanasahau hata kazini wanakokwenda. Lakini gari zima? Gari zima hakuna anayepunguza mwendo. Nilitaka mara moja tu maishani watu wapunguze mwendo kwa ajili yangu na hakuna aliyekufa." Akanyoosha mkono kwenye ukumbi uliojaa simu zilizoinuliwa. "Wamepunguza. Sasa ingia humo, tupige picha."

Wakamfungulia mlango. Nyuma ya kundi, Mzee Cassim alikuwa amesimama na chupa yake ya chai, anangoja aone. Firmin akakusanya pindo za koti lake la rangi ya mchanga, akafumba macho, akajishusha juu ya chui. Wakati wote wa kazi hakuwa amekikalia kiti hicho hata mara moja. Alikipima kwa viganja tu, uso kaugeuzia pembeni.

Kiti kilimpokea. Sponji liliuchukua mgongo wake pale hasa ulipokuwa ukimuuma kwa miaka ya kuinamia taksi, likaushika, likakataa kuuachia. Mabega yalishuka yenyewe. Manyoya yale ya haramu yalikuwa na ujoto. Alijaribu kuchukizwa, na kichwa kilichukizwa vizuri kabisa, ila kiuno hakikushiriki.

"Vipi, fundi?" mshereheshaji akamuuliza, kipaza sauti kimepita dirishani. "Kiti kikoje?"

"Kinakalika," alisema Firmin Kalenga mbele ya Nasrec yote, kwa uso wa mtu aliyemeza nzi mbele ya wakwe. Na walipomwambia picha zimetosha, hakutoka mara moja.